Malkia Asiyekufa

Fahali wawili, husemwa, hawakai zizi moja.
Mimi ninao kumi na wawili
ndani ya jedwali moja,
ghorofa ya tatu, juu ya fundi viatu,
Daugavpils, Februari, mto umeganda
na bomba la joto linakohoa ukutani.

Kazi yangu ni kuwapimia haki.
Huyu mwongeze uhai kumi, yule mpunguzie hasira mbili,
ngome za yule zichelewe siku moja kujengwa.
Mizani yangu haina kisahani wala jiwe.
Ina desimali.

Asilimia sitini na nne ya wachezaji
humchagua Malkia Oderika.
Si kwa uzuri; Vizma alimchora pua ndefu makusudi.
Ni kwamba akiwapo tu, popote,
nyuma ya kilima, akila zabibu,
kila mkuki ulio mbele hupata ari ya bure.
Hafi. Hajawahi kufa.
Mtu atafia vipi mahali asipofika?

Na mkiani mwa orodha
yupo Branimo Mjenga Madaraja, asilimia moja na nusu.
Ari yake haivuki hatua tatu,
kwa hiyo husimama topeni na watu wake,
na mshale wa kwanza wa vita, mara nyingi, ni wake.
Humchagua nani? Watoto wabonyezao ovyo,
na mtu mmoja wa Liepaja, kila usiku saa nane,
hushindwa, akarudi,
hushindwa, akarudi.

Jumatatu nilimkata malkia: kumi na tano ikawa kumi na mbili.
Jumanne nilipata barua mia mbili. Mwizi! Umetuulia mama!
Jumatano wote walikuwa kwake tena,
sitini na tatu.

Basi nikamnenepesha Branimo:
ngao, farasi, uhai maradufu.
Raivis, mjaribu wetu, miaka kumi na tisa,
akamkimbiza peke yake mpaka lango la adui
akabomoa mji mzima bila askari hata mmoja.
"Hili ni tingatinga," akasema. "Kiongozi yuko wapi?"

Vizma alikuwa akipita na mkate wake mweusi.
Ujana wake aliumalizia kiwanda cha minyororo.
"Mkurugenzi wetu," akasema, "alikuwa sauti ndani ya kipaza sauti.
Mwezi wa kwanza tulimwogopa.
Mwezi wa tatu tulikuwa tunamwigiza."
Akatafuna. Akaenda zake.

Ijumaa nikafuta yote ya wiki
nikaandika sharti moja:
askari asiyemwona kiongozi wake
na apungukiwe, chembe kwa chembe, kila zamu.

Raivis akamtwaa malkia, akamficha kilimani kama kawaida.
Zamu ya sita, mikuki imenyooka.
Zamu ya tisa, askari mmoja akageuza shingo.
Ya kumi na moja, watatu.
Raivis akafyonza,
akamteremsha malkia polepole,
na zabibu zake, hadi kwenye tope.

Zamu ya kumi na nne mshale ukampata.

Hakuanguka.
Alibaki wima katikati ya vita,
mshale shingoni, kichala mkononi,
kinywa kikisubiri tunda,
wanajeshi wakipita ndani ya mwili wake kama moshi.
Miaka miwili tumemuuza,
na hakuna aliyekumbuka kumchorea kifo.

Tulicheka mpaka fundi viatu akagonga dari yake.

Sasa ni usiku. Oderika yuko arobaini na moja,
Branimo sita. Bado si haki,
ila zizi limetulia kidogo.
Saa nane na dakika ishirini, Liepaja,
mtu yule ameshinda.
Hakushangilia popote. Ameanza mchezo mwingine.

Vizma bado yupo, kalamu imechongwa, taa imeinamishwa.
"Aangukie wapi," ananiuliza, "mbele au nyuma?"
Natazama jedwali, juu, chini.
Halina safu ya hilo.